Mkono Juu ya Mlango

3 Machi

Mjomba,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango wa karakana. Kila neno lililomo humu libaki kati yako na mimi. Usimsomee mkaza mjomba, hata akikuuliza mbona umenuna. Usimtajie mama. Kazini nilitia saini karatasi kwamba sitamsimulia mtu yeyote ninachokiona kwenye picha za wateja, na leo naivunja karatasi hiyo. Simu siwezi: tunaziacha getini asubuhi, jioni msimamizi anaweza kukuomba uifungue mbele yake. Na hata ningepiga, masikio yako yaliliwa na drili siku nyingi. Ningelazimika kupiga kelele, na jambo hili si la kupigia kelele.

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama presha imetulia, anashona sare za shule mpaka usiku na kuwalaumu wazazi wanaoleta vitambaa siku ya mwisho. Anakusalimu, anauliza kama bado unapanda ngazi bila kushikiwa. Nimemwambia umeacha. Usiniumbue.

Sasa kazi yangu hukuielewa vizuri, ngoja niieleze. Kampuni inafunga kamera kwenye nyumba za watu. Usiku kitu kikipita, kamera inarekodi kipande kifupi na kukituma ofisini. Asubuhi nakaa kiti namba nne, natazama vipande vya usiku uliopita, naandika ripoti: saa, mahali, kilichoonekana. Paka. Paka tena. Shati lililosahauliwa kwenye kamba. Ripoti inakwenda kwa mwenye nyumba. Nyumba hazina majina wala anwani kwenye skrini yangu, zina namba tu.

Ni nyumba ya arobaini na moja, mjomba. Kamera iko kwenye nguzo ya geti, inatazama mlango wa mbele. Alhamisi nne mfululizo, baada ya saa tisa usiku, mtu anapita chini ya kamera. Amevaa nguo ndefu hadi magotini, nyeupe kama sanda. Uso hana. Mahali pa uso pana weupe mtupu, kama karatasi niliyosahau kuiandika. Na anapotembea, ukuta wa nyumba unaonekana kupitia mwilini mwake. Nilisimamisha picha nikahesabu matofali ndani ya kifua chake. Saba. Anafika mlangoni, anaipa kamera mgongo, anainua mkono wa kulia na mkono unapotea kwenye mng'ao. Anakaa hivyo dakika nne. Kisha anaondoka.

Anachechemea mguu wa kushoto. Watu wengi wanachechemea, najua. Huyu anautupa mguu nje kidogo, kisha anausubiri, kama mtu anayetembea na mtoto asiyetaka kwenda. Mjomba, unamjua aliyekuwa akitembea hivyo. Nilikuwa na miaka kumi ulipokuja na begi lake la nguo, ukakaa ukingoni mwa kiti, ukatuambia baba amefia huko kazini na amezikwa huko huko.

Kwenye ripoti niliandika: mwanamume, nguo nyeupe, amesimama mlangoni, ameondoka. Kuhusu mguu sikuandika. Niliishika kalamu, ikagoma.

Wewe umefunga kamera miaka ishirini na tano. Nijibu kama fundi. Kamera inaweza kumpiga picha mtu aliyekufa?

Mpwa wako


19 Machi

Mama yangu,

Marahaba sana. Barua yako ilinikuta juu ya ngazi, nimeshikiwa, mwambie dada yangu. Mkaza mjomba wako goti linamsumbua, anasema mvua inakuja. Goti hilo limetabiri mvua mwaka mzima na sisi tunanunua maji ya pipa. Vinginevyo wazima.

Nilifunga mlango wa karakana kama ulivyoagiza. Nikakaa humo na joto kama mkate.

Nakujibu kama fundi. Haiwezi. Kamera ni kifaa kijinga, hakijui aliye hai wala aliyekufa, kinajua mwanga tu. Usiku haina mwanga, kwa hiyo inatumia zile taa ndogo zinazoizunguka lenzi, ambazo macho yetu hayazioni. Kitu kikipita karibu nazo kinaungua na kuwa cheupe, ndiyo maana uso hukuuona. Na gizani kamera inafumbua jicho lake kwa muda mrefu ili ikusanye mwanga wa kutosha. Aliyesimama anatoka vizuri. Anayetembea anakuwa moshi, nusu yake iko hapa, nusu imeshapita, na ukuta unajitokeza katikati. Matofali yako saba ni hayo. Nimeshaona mbuzi mzima akipenya ukuta namna hiyo, na mwenye mbuzi akahama nyumba.

Tena watu wanasoma boksi. Boksi linasema inaona mita thelathini gizani. Boksi halijawahi kulala nje. Hesabu mita kumi, na kama mbele ya lenzi kuna utando wa buibui, hesabu tano. Buibui wanaipenda kamera kwa sababu ina joto na inawavutia wadudu. Huo mng'ao unaoumeza mkono nadhani ni utando tu. Mwambie fundi wenu apande akafute kwa kitambaa kikavu, asipulize kwa mdomo.

Kuhusu mguu: wenye miguu mibovu ni wengi kuliko kamera. Mwache mzee wa watu na koti lake lenye mfuko unaoning'inia, pengine ni mlevi anayekosea nyumba. Hutakuwa wa kwanza kuogopeshwa na mlevi.

Mama yako usimwambie. Amelia ya kutosha.

Kula vizuri. Unapoandika kwa hofu herufi zako zinalala upande mmoja, nimeziona.

Mjomba wako


5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti la mkaza mjomba limepata mvua yake. Huku mama hajambo, amemaliza sare, sasa anashona mapazia ya mtu asiyejua madirisha yake yana upana gani.

Nashukuru kwa majibu ya fundi. Usiku ule nililala. Ulikuwa usiku mmoja tu.

Wamemkamata mtu. Ni mwokaji mikate, amepanga vyumba vya nyuma kwenye nyumba jirani na arobaini na moja. Anatoka saa tisa usiku kwenda kwenye tanuri, amevaa koti lake jeupe la kazi. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake, alipeleka ripoti zangu polisi, zote saba. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Askari hawakuhitaji kutafuta mbali. Yuko mahabusu tangu tarehe 27, kwa kujaribu kuvunja nyumba.

Mkewe alikuja ofisini. Mlinzi alimzuia, naye akamwambia, "Kaka, nipishe, mimi sibebi bomu, nimebeba nguo ya kufua." Akafika mezani kwangu na mfuko wa plastiki, akatoa koti, akalitandaza juu ya kibodi yangu. Unga ulimwagika kwenye herufi.

"Dada, wewe ndiye unayetazama?"

Nikasema ndiyo.

"Ndilo hili?"

Nikasema picha haioneshi vizuri.

"Mume wangu analala na unga kwenye nyusi. Anaweza kuniibia usingizi, basi. Angalia tena. Una macho makubwa hivyo, yana kazi gani?"

Msimamizi akamtoa. Nikabaki nautoa unga kwenye kibodi kwa brashi. Hadi leo herufi N inakwama.

Sasa nisikilize. Fundi wetu alikwenda kufuta lenzi kama ulivyosema, na ni kweli, ulikuwa utando. Alhamisi iliyofuata, tarehe 28, mwokaji akiwa tayari ndani, yule mtu alikuja. Picha ilikuwa safi. Mkono haupotei tena. Anapapasa juu ya fremu ya mlango, kutoka kulia kwenda kushoto, kisha anarudia. Anatafuta ufunguo.

Nilitazama chini kwenye ngazi. Pembe ya ngazi ya pili imevunjika, imeacha umbo la jino. Baba ndiye aliyeangusha jiko pale, nikiwa na miaka sita, akaniambia nyumba imeng'oka jino. Wamepaka rangi, wameweka geti jipya, lakini ile ni nyumba yetu, mjomba. Ile tuliyohama miezi mitatu baada ya wewe kuja na begi. Unajua nani aliweka ufunguo juu ya fremu. Unajua mama bado anauweka hivyo hivyo hapa tulipo, ingawa kila mmoja wetu ana wake. Nilipomwambia wezi wote duniani wanajua mahali hapo, alisema wezi wana kwao.

Jambo la pili. Juzi mtunza stoo, tunayemwita Mzee Risiti kwa sababu hakupi hata msumari bila saini, alikuwa anajaribu kamera mpya. Akazima taa ya stoo, nikiwa nimesimama mbele. Alipotazama skrini akacheka: "Umeolewa lini, bibi harusi?" Nikaangalia. Kitambaa changu cha kichwa, kile cheusi ti ulichoninunulia, kilikuwa cheupe. Sketi yangu nyeusi, nyeupe. Viatu tu ndivyo vilibaki vyeusi. Mzee Risiti akasema baadhi ya nguo ni nyeusi kwa macho yetu tu, taa za kamera zinaziona nyeupe. "Fundi yeyote anajua," akasema.

Fundi yeyote, mjomba. Uliniandikia kurasa mbili. Ulieleza uso, ulieleza moshi, ulieleza buibui. Rangi hukuigusa.

Na jambo la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Mfuko wa kushoto wa nguo ile umeachia, unaning'inia. Ni kweli. Lakini ulionekana kwa mara ya kwanza tarehe 28, baada ya lenzi kufutwa. Barua yako ina tarehe 19. Na mimi niliandika nguo. Wewe ndiye uliyeandika koti.

Nimeandika marekebisho ya ripoti mara tatu na kuyachana mara tatu. Nikisema nguo ni nyeusi, mwokaji anatoka, na askari wanaanza kumtafuta mwenye koti jeusi na mguu mbovu. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa anakaa ndani kwa neno nililoandika na neno nililoficha. Niambie huyo ni nani. Nakuomba.

Mpwa wako


24 Aprili

Mama yangu,

Marahaba. Mvua imenyesha, goti limeshinda, mkaza mjomba wako hazungumziki kwa majivuno. Paa la karakana linavuja mahali pawili. Nimepata kazi ya kufunga kamera sita kwenye ghala la saruji, vumbi lake nakohoa hadi Jumapili.

Hayo mengine achana nayo. Wewe ni karani, umeandika ulichokiona, kazi yako imeishia hapo. Mwokaji atatoka tu, hawana ushahidi wa maana. Omba ubadilishiwe kiti, utazame nyumba nyingine.

Msalimie dada yangu.

Mjomba


29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo.

Sitaomba kubadilishiwa kiti. Alhamisi alikuja tena. Alipokosa ufunguo alikaa kwenye ngazi ya pili, akapitisha kidole kwenye pembe iliyovunjika. Alifanya hivyo taratibu, kama daktari wa meno.

Mke wa mwokaji anakaa nje ya geti letu kila Jumatatu. Ananitazama ninapoingia, ananitazama ninapotoka. Wiki tano.

Nina swali moja, na kama umenipenda hata siku moja, usinijibu kwa paa wala kwa goti. Kaburi la baba liko wapi?

Mpwa wako


13 Mei

Mpwa wangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi kuliko wewe ulivyochana marekebisho yako. Leo nimewaambia nyumbani naumwa, nimejifungia karakana.

Kaburi hakuna.

Baba yako alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala, hilo unalijua. Usilolijua ni hili. Usiku mmoja umeme ulikatika. Mtu akapenya kwenye wavu upande wa nyuma. Baba yako akaita, mtu hakujibu, akampiga rungu mara moja. Mara moja tu, mama. Taa ziliporudi akakuta ni mpakizaji wa palepale ghalani, alikuwa amerudi kuchukua miwani yake aliyoisahau. Hakujibu kwa sababu aliogopa kufukuzwa kazi kwa kuingia bila ruhusa. Alifariki kabla ya asubuhi.

Nilimwona shemeji mahabusu kabla ya hukumu. Alikuwa anasema maneno yale yale, "Nilimwona mwizi. Nilimwona kabisa." Kisha akanishika mkono, akasema, "Waambie nimekufa. Mwanangu asikae darasani akiitwa mtoto wa muuaji. Atakuwa na baba aliyekufa, watoto wengi wanao." Nilipaswa kubisha. Nilipaswa kumtukana, kumpiga hata kofi. Nilikubali haraka, kama mtu aliyepewa mzigo mwepesi. Nikachukua begi, nikapanda basi, nikakaa ukingoni mwa kile kiti. Unakumbuka vizuri. Nilikaa ukingoni kwa sababu nilitaka kukimbia.

Mwezi Januari alitoka gerezani. Alikuja hapa karakana, mwembamba, ana shati moja. Nilimnywesha chai. Akaniomba anwani yenu. Nikafikiria dada yangu akifungua mlango na kumwona maiti amesimama, kisha akauliza ni nani alimdanganya miaka kumi na mitatu. Nikaogopa, mpwa wangu. Sikuogopa kwa ajili yake. Niliogopa kwa ajili yangu. Nikamwambia mmehama, sijui mlikokwenda. Nikatungua koti langu jeusi la kazini kwenye msumari, lile ambalo drili ilirarua mfuko wake, nikamvisha. Nilimpa koti badala ya anwani.

Nadhani anakwenda pale kwa sababu ndiyo nyumba pekee anayoijua. Nilisikia amepata kazi ya kupakua mizigo sokoni, mapumziko yake ni Alhamisi. Anakwenda usiku kwa sababu ya aibu. Hataiba hata jani.

Na rangi, ndiyo, nilijua. Tangu mstari ule wa sanda nilijua ni koti gani. Nikakueleza kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa na maana. Mimi na wewe tumemtia mwokaji ndani.

Alipokuwa anatoka aliniuliza kitu kimoja tu, kwa jina alilokuwa akikuita utotoni. "Kalamu amemaliza shule?" Nikamwambia amemaliza, tena vizuri, ni karani. Akasimama mlangoni muda mrefu. Nilifikiri anasubiri mvua ipite. Mvua haikuwepo.

Fanya unaloona ni sawa. Mwambie mama yako au mwache, mimi sina tena haki ya kukuagiza.

Mjomba wako


5 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila siku kulikuwa na jambo. Nakuandikia kwa utaratibu, kama ripoti.

Barua yako niliisoma kwenye choo cha ofisini. Nilipotoka niliketi kiti namba nne, nikaandika marekebisho. Safari hii sikuchana. Nilieleza jinsi taa za kamera zinavyogeuza nguo nyeusi kuwa nyeupe, nikamwita Mzee Risiti aweke kitambaa changu mbele ya kamera, tukaambatanisha picha. Alidai saini ya kitambaa. Nikaandika na mguu. Mwanamume, koti jeusi, mfuko wa kushoto umeraruka, anachechemea mguu wa kushoto. Mstari wa mwisho niliandika hivi: Anatafuta ufunguo wa nyumba aliyowahi kuishi. Namfahamu. Ni baba yangu.

Baba alimwona mtu vibaya gizani, na mtu huyo hakurudi. Wa kwangu, mwokaji, alikuwa bado anaweza kurudi. Hiyo ndiyo tofauti pekee kati yangu na baba, na nilikaribia kuipoteza kwa kuogopa.

Msimamizi alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. "Unajua umevunja kiapo cha siri?" Nikasema najua. "Unajua nalazimika kukusimamisha kazi?" Nikasema najua. Akasema, "Basi nenda kabla sijaanza kukuonea huruma." Ripoti ameipeleka mwenyewe polisi.

Mwokaji alitoka Jumanne iliyofuata. Mkewe alikuja nyumbani, sijui nani alimwelekeza. Aliweka mkate mezani kwa kishindo, kama anayeweka jiwe. "Amekonda," akasema. Nikamwomba radhi. Akasema, "Ya leo siipokei. Niulize tena akinenepa." Akaondoka. Mkate ulikuwa bado wa moto.

Mwalimu wa arobaini na moja nilimfuata mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, akinitazama juu ya miwani. "Kumbe mwizi wangu ndiye mwenye nyumba," akasema. "Amenikosesha usingizi miezi minne kwa ajili ya ufunguo ulioshika kutu." Nikamwambia sheria ni yake, akitaka kumshtaki ni haki yake. Akaniuliza mtu huyo amevunja nini. Nikasema pembe ya ngazi, zamani. Akaitazama ile pembe. Kisha akaleta kiti ili nipande, maana sifiki juu ya fremu, na akakishika kwa mikono yote miwili nisianguke.

Nilisimama pale pale anaposimama. Vumbi la juu ya fremu lilikuwa limefutwa na vidole, njia nyembamba safi kutoka kulia kwenda kushoto. Niliogopa kuweka mkono pale, mjomba. Nilihisi kama nitakuta mkono mwingine.

Mama. Nilimwambia jioni ile ile. Alikuwa anasugua sufuria. Nikaanza kwa kuzunguka, nikasema kazini nimemwona mtu kwenye picha, usiku, kwenye nyumba ya zamani. Hakugeuka. Aliendelea kusugua mahali pale pale palipokwisha kung'aa.

"Mguu bado unamsumbua?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Nilimwambia asiubebeshe mizigo," akasema, na hapo ndipo sufuria ilipomtoka mkononi.

Sijui alijua tangu lini. Lakini nilitazama mlango wetu, nikakumbuka ule ufunguo ambao hakuna hata mmoja wetu anautumia. Kuhusu wewe alisema jambo moja tu, nalileta kama lilivyo: "Mwambie kaka yangu aje aketi kwenye kiti vizuri."

Kwa hiyo njoo. Ulete na goti la mkaza mjomba.

Chini ya hapa nimekunakilia barua niliyoiacha juu ya fremu ya arobaini na moja. Leo ni Jumatano. Mwalimu ataacha taa ya nje ikiwaka kesho usiku ili aweze kuisoma.

Mpwa wako

*

Baba,

Ufunguo hauko hapa tena. Usiutafute zaidi, utajichoma na misumari.

Tafadhali usimwoneshe mtu yeyote karatasi hii, na usikimbie kwa sababu ya taa. Imewashwa kwa ajili yako. Mwenye nyumba yuko macho ndani, anajua, hatapiga kelele.

Ukitoka getini usirudi ulikotoka. Shika kulia, fuata ukuta wa shule mpaka uishe. Utaona duka la vipuri vya pikipiki, limefungwa saa hizo. Vuka barabara hapo, utembee taratibu, mguu usiharakishe. Pita tangi la maji, kisha nyumba ya tatu upande wa kushoto, mlango wa kijani. Dirisha la pili lina pazia lililoshonwa fupi, mama anasema atalirekebisha, hajalirekebisha. Taa yetu pia itakuwa inawaka, kesho na kila usiku mpaka uje. Kama kumeshakucha, njoo hivyo hivyo. Majirani watakuona. Waache waone.

Usibishe hodi. Inua mkono wa kulia. Fremu ya hapa iko chini kidogo kuliko ile, hutahitaji kusimama kwa vidole. Ufunguo uko upande uleule.

Kalamu